Machozi ya Siku ya Arubaini



 Wasomaji wetu watukufu, katika baraza ya mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halizungumzwi sana majumbani, ijapokuwa nyumba nyingi za Waislamu katika nchi zetu huguswa nalo. Nalo ni ile hali ya moyo impatayo kijana aliyetoka kwenda nchi ya kigeni kwa ajili ya daawa, kwa siku zenye hesabu, kisha siku hizo zikatimia na ikambidi arudi kwao. Khabari za kwenda zinajulikana. Nasaha za kuagana zipo, dua zipo, na mama hakosi kumfungia mwanawe mkate wa kumimina katika mkoba. Khabari za huko nazo huhadithiwa, tena hukolezwa chumvi. Lakini ile siku yenyewe ya kurudi, ambayo mtu macho yanalia na moyo unacheka, hiyo hupitwa kimya, na kimya hicho kimewatia vijana wengine katika fadhaa kubwa.

Safari hizi ni za namna nyingi. Wako walimu wanaokwenda kusalisha tarawehe mwezi wa Ramadhani, wako matabibu wanaokwenda juma moja kutibu macho, na wako vijana wanaotoka na Jamaati Tabligh. Jumuiya hiyo ilianzishwa na Maulana Muhammad Ilyas (1885–1944) katika miaka ya 1920 huko Mewat, karibu na Delhi, nchini India, na desturi yake imeenea ulimwenguni: siku 3 katika kila mwezi, siku 40 katika kila mwaka, na miezi 4 walau mara moja katika umri wa mtu. Kila mmoja hujilipia gharama yake. Hulala msikitini, hupika wenyewe, humfuata amiri wao, hukaa mashauri kila siku, na huzunguka mitaani kuwaita watu kwenye sala. Wanavyuoni wana maneno yao juu ya jumuiya hiyo, wengine wanaisifu na wengine wanaikosoa, na mimi sikukusudia kuuingia mlango huo leo. Nimeitaja kwa kuwa hesabu ya arubaini ndiyo iliyozoeleka, na kwa kuwa sisi Waswahili tunaijua arubaini kwa njia zetu wenyewe. Mzazi hutoka ndani siku ya arubaini. Wafiwa wengi husoma khitma siku ya arubaini. Hata mwizi, husemwa, ana arubaini zake! Na kila moja katika hizo ni siku ya kumaliza jambo, nayo haiwi nyepesi kwa mwenye nayo, labda kwa aliyeibiwa tu.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alirudi karibuni kutoka Malawi. Walikuwa watu kumi, wakatoka Dar es Salaam kwa basi mwanzo wa Desemba, wakapita Mbeya, wakavuka mpaka wa Kasumulu na kuingia Karonga, kisha wakateremka na nchi ile kwa Mzuzu, Nkhotakota na Salima, mpaka vijiji vya wilaya ya Mangochi upande wa kusini wa ziwa, lile ambalo sisi tunaliita Nyasa na wenyewe wanaliita Malawi. Huko ndiko waliko Waislamu wengi wa nchi ile, na aghlabu yao ni Wayao. Na kijana huyu bibi yake mzaa mama ni Myao wa Tunduru. Maneno ambayo utotoni alikuwa akimcheka bibi kwa kuyasema, aliyakuta yanasemwa na mji mzima, wazee kwa watoto, na yeye akayafahamu nusu yake bila ya mkalimani. Aliniambia kwamba siku hiyo aliona haya peke yake.

Yafaa tukumbuke kwamba njia hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Katika miaka ya 1840 alifika Nkhotakota mfanyabiashara wa pwani aitwaye Salim bin Abdallah, akaweka makazi, akajulikana kwa cheo cha Jumbe, na waliomfuata wakatawala hapo hata Waingereza walipouondoa utawala wao katika miaka ya 1890. Misafara ya Wayao nayo ilikuwa ikishuka Kilwa na kupanda tena. Tusifiche kwamba misafara hiyo ilibeba pembe, na ilibeba wanadamu wenzetu wa kuuzwa, na hilo ni doa lisilofutika kwa kulinyamazia. Walakini pamoja na misafara walikwenda pia walimu wenye kibao cha mbao na wino, wakasomesha watoto alifu na be, wakaoa huko, wakazeeka, wakazikwa kando ya ziwa. Wale hawakuwa na arubaini. Siku yao ya kuagana ilikuwa siku ya mauti. Nayasema haya ili kijana anayekwenda leo kwa basi ajue kwamba si yeye wa kwanza kugonga mlango ule, na kwamba mlango wenyewe ulijengwa na watu waliokaa.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alinijia barazani usiku mmoja baada ya sala ya Isha, akanisalimu, akakaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, “Mzee wangu, mtu aweza kuwa mnafiki na hajijui?”

Nikamtaka anieleze. Akasema kwamba tangu siku ya thelathini alianza kuhesabu. Alikuwa amechoka na mkeka, amechoka na mbu, amechoka na kula nsima, yaani ugali wa huko, kwa dagaa wa ziwa waitwao usipa, ijapokuwa siku za mwanzo alivisifu vyote. Mvua zilikuwa zinanyesha na nguo hazikauki. Wenzake wawili waligombana juu ya zamu ya kupika, hata amiri akaingia kati. Na nyumbani alimwacha mkewe na mtoto wa miezi mitano. Kila alipolala alikuwa akijiona yuko nyumbani, na kila alipoamka kwa tahajudi alikuwa akijilaumu kwa ndoto hiyo.

Kisha ukaja usiku wa mwisho. Katika kituo chao cha mwisho walikuwa wamekaa siku nane, na kila asubuhi alikuwa akiwasomesha watoto. Usiku huo watoto walikuja wote, wakakaa mbele yake bila ya kuitwa, wakasoma kwa sauti moja sura fupi aliyowafundisha. Asubuhi yake mzee mmoja akamletea kuku aliyefungwa miguu, zawadi ya njiani. Kijana alilia pale kandokando ya barabara kama mtoto mdogo, na watu wakalia naye. Akapanda basi. Na kabla ya kufika Salima, akasema, moyo wake ulikwisha kugeuka. Alikuwa akicheka na wenzake juu ya yule kuku, ambaye ilibidi wamwachie mtu kabla ya mpaka. Alikuwa akiwaza mkewe atampikia nini. Na ghafula akakumbuka kwamba saa mbili nyuma alikuwa analia.

“Basi lini nilikuwa mkweli?” akaniuliza. “Nilipolia au nilipocheka? Na sasa nimekaa nyumbani juma zima, sala ya alfajiri imekuwa nzito kwangu, msikiti wetu nauona baridi, na jamaa zangu nawaona wameghafilika. Nikiwa huko nilitaka huku; nikiwa huku nataka huko.”

Ndugu zangu, suali hili ni kongwe kuliko tunavyodhani. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Hanzala (r.a.), mmoja katika waandishi wa Bwana Mtume (s.a.w.), alikutana na Sayyidna Abubakar (r.a.) akamwambia kwamba yeye Hanzala amekuwa mnafiki. Akaulizwa kwa nini. Akaeleza kwamba wakiwa mbele ya Mtume, wakikumbushwa Pepo na Moto, huwa kama wanaviona kwa macho. Lakini wakisha kutoka, wakajishughulisha na wake na watoto na mashamba, husahau mengi. Na Abubakar hakumkemea. Alisema kwamba hata yeye yanampata hayo hayo! Wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye akawafahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao. Lakini mambo ni saa na saa, akalikariri neno hilo mara tatu.

Mtazame aliyeulizwa na muulizaji. Ikiwa Abubakar na Hanzala, waliokuwa wakimwona Mtume kwa macho, walirudi majumbani mwao na nyoyo zikapoa, kijana wa mtaani kwetu aliyeshuka katika basi la Mbeya ana ajabu gani? Moyo wa mwanadamu haukuumbwa kuwaka moto mchana na usiku. Na neno lenyewe lisemalo saa na saa halikutoa rukhsa ya kufanya maovu katika saa ya pili, kama wapendavyo kulitumia watu wa hawaa. Saa ile ya pili ni saa ya mke, na mtoto, na jembe, na duka, nayo ina haki zake.

Iko hadithi nyingine ambayo natamani kila amiri aijue kabla hajafunga mizigo yake. Malik bin Huwayrith (r.a.) amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba walifika Madina yeye na vijana wenzake, marika wote, wakakaa kwa Mtume siku ishirini. Na Malik amemsifu Mtume kwamba alikuwa mpole mwenye huruma. Mtume alipoona kwamba vijana wale wameanza kuwatamani watu wao, aliwauliza wamemwacha nani nyumbani. Wakamweleza. Akawaamrisha warudi kwa jamaa zao, wakae nao, wawafundishe, na wasali kama walivyomwona yeye akisali. Na wakati wa sala ukifika mmoja wao aadhini na mkubwa wao awasalishe.

Natua hapa kidogo, kwani kisa hiki kina mambo mengi. Vijana wale walikuwa Madina, mbele ya Mtume mwenyewe, na juu ya hayo wakatamani kwao. Lau kutamani nyumbani kungekuwa aibu, wangeambiwa pale. Hawakuambiwa. Wala hawakungojewa waombe ruhusa. Mtume aliwasoma nyusoni mwao akawatangulia kwa suali. Tena hakuwauliza wamejifunza kiasi gani, aliwauliza wamemwacha nani. Na siku zenyewe zilikuwa ishirini tu, nusu ya hizi zetu. Je, zilipotea? Bukhari huyo huyo amepokea kwamba baadaye Malik aliingia katika msikiti wa watu, akawasalisha kwa kusudi la kuwaonyesha jinsi alivyomwona Mtume akisali. Na amri ile, ya kusali kama Mtume alivyoonekana akisali, ambayo wanavyuoni wa madhehebu zote wanaitegemea katika milango ya sala, imetufikia kwa njia yake yeye, kijana wa siku ishirini.

Nilimweleza kijana wetu haya akafarijika. Na Mtume (s.a.w.) amesema pia kwamba safari ni sehemu ya adhabu, inamzuilia mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake, basi amalizapo haja yake na aharakishe kurudi kwa watu wake. Kwa hiyo kicheko cha ndani ya basi hakina lawama. Wala machozi ya barabarani si ya uwongo. Mtu aweza kuwa na vyote viwili, kama nyumba ya harusi inavyokuwa na kicheko upande wa bwana harusi na kilio upande wa mama wa bibi harusi.

Lakini sikumwacha hapo, kwani kulikuwa na jambo ambalo hakulitaja.

Nilimuuliza, “Siku hiyo unalia, uliwaambia nini?”

Akaanza kuhesabu. Watoto aliwaambia atarudi mwakani. Mwalimu wa chuo, mtu mzima anayewasomesha watoto wale mwaka mzima kwa kupewa debe la mahindi na dua, alimwambia atamletea misahafu. Mzee wa kuku alimwambia atamtafutia mjukuu wake nafasi ya kusoma Dar es Salaam. Mwanamke mmoja mwenye mgonjwa alimwambia ataulizia dawa. Na nambari za simu alizichukua zote, akaziandika katika daftari. Nikamuuliza daftari liko wapi. Liko katika mkoba. Na mkoba uko wapi? Chini ya kitanda, tangu siku aliyorudi.

Hapa ndipo penye uzito, wasomaji wangu, na ndipo ninapotaka vijana wanisikilize. Sisi tunaposimulia safari hizi husimulia moyo wa msafiri, jinsi ulivyolainika, ulivyoumia, ulivyobadilika. Moyo wa mwenyeji nani anausimulia? Msafiri ana mahali pa kuyapeleka machozi yake, anayapeleka nyumbani kwake. Mwenyeji anabaki pale pale. Yule mwalimu wa chuo aliyesimama barabarani amekwisha kuaga makundi mangapi? Na kila kundi lilimwambia, mwakani. Huenda yeye naye alikuwa na mchanganyiko wake siku ile: anahuzunika kwa kuwa wageni waliuchangamsha msikiti, na anapumua kwa kuwa wageni hata wakijipikia wanataka maji, wanataka kuni, wanataka mtu wa kuwaongoza mitaani. Mtume ametufundisha kwamba ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa hata amtie mwenyeji dhiki. Nani katika vijana wetu huiuliza nafsi yake juu ya dhiki hiyo?

Na ahadi. Machozi hulegeza ulimi. Mtu akiwa na kilio kooni huahidi hata ziwa lihame. Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuamrisha katika Sura ya Bani Israil, aya ya 34, kutimiza ahadi, akatuonya kwamba ahadi ni jambo la kuulizwa. Imam Nawawi ameeleza katika kitabu chake cha Al-Adhkar kwamba wanavyuoni wameafikiana kwamba aliyeahidi jambo lisilokatazwa yampasa alitimize. Kisha wakakhitalifiana, je, ni wajibu au ni sunna? Shafii na Abu Hanifa na walio wengi wamesema ni sunna iliyopendekezwa, na kuivunja ni karaha kali, na wako waliosema ni wajibu, na katika hao ni Umar bin Abdulaziz. Basi hata ukishika kauli iliyo nyepesi, hukupata kauli isemayo kwamba ahadi ya kandokando ya barabara haina hesabu. Na mwenye kuahidi ilhali hana nia ya kutimiza, huyo hali yake ni nyingine na ni mbaya zaidi.

Na khasa ahadi kwa watoto. Abu Dawud amepokea kwamba mwanamke mmoja alimwita mwanawe mbele ya Mtume, akimwambia aje ampe kitu. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu ungeandikwa juu yake uwongo. Tende moja! Na wewe uliwaahidi watoto arubaini au khamsini kwamba utarudi.

Suali hili la msafiri na mwenyeji si letu peke yetu. Wakristo wa Marekani wana safari kama hizi, nyingi kuliko zetu, za juma moja au mawili, na baadhi ya wasomi wao wamezitazama kwa jicho kali. Baada ya tufani iliyoitwa Mitch kuipiga nchi ya Honduras mwaka 1998, makundi mengi yalikwenda huko kujenga nyumba. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Kurt Ver Beek, ambaye mwenyewe akikaa Honduras, aliandika mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wake. Kundi la wageni lilitumia kama dola 30,000 pamoja na nauli zao kujenga nyumba, na nyumba kama hiyo ikijengwa na wenyeji ilikuwa dola 2,000. Na wasafiri wengi walisema safari imewabadilisha maisha yao, lakini walipotazamwa katika utoaji wao wa baadaye, mabadiliko yalikuwa madogo. Nimeyataja haya si kwa kuwacheka. Nimeyataja kwa kuwa wao walikaa wakahesabu, na sisi bado. Chukua nauli ya watu kumi kwenda Mangochi na kurudi, uiweke kando ya kile anachopata mwalimu wa chuo cha kijijini kwa mwaka, kisha uniambie.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba fedha haisalimii mtu, wala haisomeshi mtoto, wala haikai na mzee kuzungumza naye kwa lugha ya bibi yake. Ni kweli, na kwa ajili hiyo sisemi safari hizi ziachwe. Kuna mambo ambayo hayaletwi ila na miguu. Kijana huyu, kabla ya kwenda, alikuwa akiwaona watu wa Malawi kama watu wa mbali. Sasa anawaita wajomba. Hilo halinunuliwi. Ninachosema ni kwamba kwenda ni sehemu moja ya kazi, na sehemu ya pili inaanza siku ya arubaini na moja.

Sehemu hiyo ya pili ina milango miwili, mmoja ni wa nyumbani. Ewe kijana, ukirudi usiwavamie watu wako usiku bila ya khabari, kwani Mtume amemkataza mtu aliyekuwa mbali muda mrefu kuwagongea ahali zake usiku. Anzia msikitini kwa rakaa mbili kama alivyokuwa akifanya yeye, kisha uingie kwako kwa salamu na uso mkunjufu. Na usiwahukumu. Wengine wakirudi huwa kama makadhi: redio hii izimwe, picha ile ishushwe, mbona dada hajasali bado, mbona nyumba hii haina nuru. Ile huzuni ya kuwakosa watu wa huko wanaigeuza hasira juu ya watu wa hapa! Mkeo naye alikuwa na arubaini zake. Mtoto alipata homa usiku, yeye ndiye aliyembeba. Maji yalikatika, yeye ndiye aliyechota. Mama yako aliuliza khabari zako kila siku, yeye ndiye aliyemtuliza. Kabla hujamhadithia Mangochi, muulize habari za nyumbani, na umngojee amalize.

Nawe mama, nawe mke, msimharakishe. Mkimwona amekaa peke yake amenyamaza siku mbili tatu, hajalogwa wala hajaharibiwa akili na watu wa dini, kama nilivyosikia mama mmoja akisema. Mtu akishuka chomboni ardhi huendelea kumyumbia kwa muda. Mpeni chai, mumwache azungumze kidogo kidogo. Na baba asimfanyie mzaha mbele ya wadogo zake kwamba sheikh amerudi. Mzaha wa namna hiyo umewafunga wengi midomo.

Mlango wa pili ni wa kule walikotoka, na huo nilitaka kijana wetu aufungue siku ile ile, kabla hajaondoka barazani. Nikamwambia alete daftari. Akalileta. Tukasoma jina baada ya jina na ahadi baada ya ahadi. Ya mjukuu kusoma Dar es Salaam hakuwa na uwezo nayo. Nikamwambia ampigie mzee amwambie hivyo kwa adabu, amtake radhi, asimwache akihesabu siku. Ya dawa aliweza kuiulizia kesho yake hospitalini. Ya kurudi mwakani, awaambie watoto kwamba hana hakika. Ilimuuma kuyasema hayo, kwani alipenda wamkumbuke kwa ile sura ya siku ya kuagana.

Ikabaki ya misahafu, akampigia mwalimu wa chuo hapo hapo. Walisalimiana kirefu, kwa Kiyao na Kiswahili vikichanganyika, kisha akamwambia kwamba misahafu anataka kuituma, angependa mingapi? Mwalimu akashukuru sana, akasema misahafu wanayo. Kundi la mwaka juzi liliwaletea, na mingine ingali imefungwa katika maboksi, kwani watoto bado wako katika vijitabu vya kuanzia na hawajafika huko. Kilichopungua ni juzuu za Amma na chaki, na ubao umechakaa. Akatua, kisha akaongeza neno, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumuudhi mgeni: mkija tena, njooni baada ya mavuno, Mei au Juni. Desemba ndio wakati wa mvua na kulima, na safari hii watu wengi waliacha majembe yao ili wawakaribisheni.

Kijana akamuuliza kwa nini hawakuambiwa wakati ule.

“Mgeni haambiwi hivyo,” akasema mwalimu, akacheka. “Na wala hamkuuliza.”

Juzuu zimekwisha kununuliwa, nakala 30, na chaki maboksi matano, na kopo la rangi nyeusi ya ubao. Mkewe ndiye aliyezifunga. Ziko barazani kwangu zinangoja basi la Jumatano, na dereva amekubali kuzifikisha Mbeya kwa mtu wa kuzivusha.